Kati ya Karakana na Wodi

Katika zama zetu hizi haupiti muda mrefu pasipo magazeti kutangaza habari ya kijana wa Kampala, wa Nairobi au wa Dar es Salaam aliyebuni chombo cha tiba, akapigwa picha amekishika mbele ya kifua, akatunukiwa nishani na hundi, na akasifiwa na wakubwa kuwa ni tumaini la taifa. Na habari hizo ni njema, nami sina kinyongo nazo, kwani akili iliyojishughulisha na maradhi ya watu wake ni neema ya kushukuriwa. Walakini liko swali liulizwalo kwa nadra, nalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito zaidi: miaka michache baada ya nishani, chombo kile kiko katika wodi gani, nani anakitumia, kikiharibika usiku nani anakitengeneza, na fedha ya kununulia cha pili imeandikwa katika fungu gani la bajeti ya hospitali?

Aghalabu hapana ajuaye. Chombo kimelala katika kabati la chuo, au kimebaki katika wodi ile ile moja iliyokijaribu, na mbunifu wake, baada ya kubisha milango mingi asiyoijua, ameajiriwa benki. Si kwamba chombo kilikuwa kibaya, wala si kwamba kijana alikuwa mvivu. Ni kwamba baina ya karakana kilimozaliwa na wodi kinamohitajiwa pana safari ndefu yenye vituo vingi, nasi hatukumwajiri mtu wa kumwongoza njiani. Hoja yangu leo ni juu ya huyo mtu asiyeajiriwa. Nasema kwamba kuulea uvumbuzi wa tiba, kuanzia mchoro wa kwanza hadi siku muuguzi atakapokiwasha chombo peke yake bila ya kumwita mtu, ni kazi kamili ya maisha, yenye elimu yake, adabu yake na heshima yake. Na kwamba nchi zetu hazitafaidi akili za vijana wake mpaka hapo kazi hiyo itakapopewa cheo, mshahara na nafasi ya kudumu.

Nitatoa mfano mmoja na kuueleza kwa urefu, maana umekusanya mengi. Mtoto azaliwaye kabla ya miezi yake kutimia, yule tumwitaye njiti, mapafu yake mara nyingi hayajapata bado ule ute unaovizuia vifuko vya hewa visigandamane. Kila akitoa pumzi vifuko hufumba, na kila akivuta hana budi kuvifumbua upya kwa nguvu ambazo hanazo, mpaka anachoka, na akichoka hufa. Tangu mwaka 1971, daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco walipotangaza matokeo yao, dawa ya jambo hili inajulikana: apelekewe hewa yenye msukumo mdogo usiokatika, ili vifuko vile visipate wasaa wa kufumba. Namna iliyo rahisi kuliko zote ni ile ya mapovu. Pampu husukuma hewa katika mrija, mrija hupita puani pa mtoto, na ncha yake ya pili huzamishwa katika chupa ya maji. Ukiizamisha sentimita sita, msukumo utakuwa wa sentimita sita za maji, na ukitaka kuupunguza unaivuta juu kidogo. Muuguzi hahitaji kioo chenye tarakimu ili ajue kwamba tiba inafika. Akiona mapovu yanapanda katika chupa, moyo wake hutulia. Yakikoma, basi mrija umechomoka au mtoto ameachama kinywa, naye humrudia upesi.

Mashine za namna hiyo zilizouzwa Ulaya na Marekani zilikuwa za maelfu ya dola, bei ambayo hospitali ya wilaya haiwezi kuitamka sembuse kuilipa. Karibu na mwaka 2010 wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, waliunda ya kwao kwa pampu za tangi la samaki wa mapambo, wakazipanga ndani ya sanduku la plastiki la kuwekea viatu, na sanduku lile likatoa msukumo sawasawa na wa mashine za thamani kubwa. Msomaji mwenye haraka atadhani kwamba hapo ndipo kisa kilipokamilika. Ama kwa hakika hapo hakijaanza. Sanduku la viatu halipelekwi wodini. Ilibidi lichukuliwe hadi Hospitali Kuu ya Malkia Elizabeth, Blantyre, nchini Malawi, ambako madaktari wa watoto, akiwamo Elizabeth Molyneux, walikuwa na watoto wenye shida hiyo mbele ya macho yao kila siku; ilibidi kampuni ndogo ya California, 3rd Stone Design, ilichore upya ili pampu zistahimili joto na vumbi na kukatikakatika kwa umeme; ilibidi kamati ya maadili iridhie, wauguzi wafundishwe kuchagua mrija unaolingana na pua na kuifunga vyema kofia inayoushikilia, na tena atokee mtu wa kuandika kila mtoto alivyoingia na alivyotoka, awe hai au maiti. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2014, ilionekana kwamba katika watoto wachanga 62 waliopewa hewa ya mapovu walinusurika 44, yaani asilimia 71, ilhali katika 25 waliopewa oksijeni ya kawaida walinusurika 11, yaani asilimia 44. Ni utafiti mdogo, na wenye kuufanya hawakuuficha udogo wake. Lakini uliipa serikali ya Malawi sababu ya kuzieneza mashine hizo katika hospitali zake.

Hebu tuhesabu sasa ni wangapi kati ya watu hao walioistahili nishani. Wanafunzi walibuni, naam. Lakini aliyesafiri na sanduku, aliyekaa na wauguzi akawauliza ni kitufe gani kinawatatiza, aliyerudi kwa mhandisi na kumwambia kwamba kitufe hicho kihamishwe, aliyeandika maombi ya fedha na kuyajibu maswali ya wakaguzi, huyo jina lake halitajwi sana, ingawa pasipo yeye sanduku la viatu lingebaki kuwa sanduku la viatu.

Na liko jambo jingine katika nchi hiyo hiyo, ambalo mwenye kupenda vyombo vipya ni lazima alitazame pasipo kugeuza uso. Katika hospitali ya wilaya ya Salima, watafiti waliijaribu tiba ya hewa ya mapovu kwa watoto wakubwa kidogo, wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka mitano, waliokuwa na nimonia kali pamoja na utapiamlo, au virusi vya UKIMWI, au upungufu mkubwa wa oksijeni katika damu; na wodi ile haikuwa na daktari wa kuwasimamia kila siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Waliopewa oksijeni ya kawaida walikufa 35 katika 323. Waliopewa hewa ya mapovu walikufa 53 katika 321. Tiba iliyowaokoa wachanga wa Blantyre, ilipopelekwa kwa watoto wa hali nyingine na katika wodi yenye uangalizi mwingine, haikuokoa, bali ilielekea kudhuru. Watoto hawa si wale, na mtu asichukue habari ya Salima akaitupa mashine ya njiti. Lakini achukue fundisho kwamba uzuri wa chombo cha tiba haukai ndani ya chombo. Hukaa katika chombo pamoja na mgonjwa anayefaa, muuguzi aliyefundishwa, na daktari anayepita asubuhi. Mwenye kazi ya kuyaunganisha hayo na kuyapima, akiwa na ujasiri wa kusema "hapa pasitumike" kama alivyo na ujasiri wa kusema "hapa patumike", ndiye ninayemdai.

Tanzania nayo ina kisa chake. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti wa Norway na wa hapa nchini walishughulika miaka mingi na yule mtoto anayezaliwa bila kulia, ambaye dakika ya kwanza ya uhai wake humwamulia mambo yote. Wakunga walifundishwa siku moja kwa mwanasesere: kumkausha, kumsugua mgongo, na kama hapumui kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Baada ya mafunzo walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere. Lakini walipochunguzwa katika chumba cha uzazi chenyewe, mbele ya mtoto wa kweli, namna yao ya kutenda ilikuwa haikubadilika. Fikiri ni miradi mingapi ingeandika ripoti hapo, ikahesabu vyeti vilivyotolewa, ikafunga mlango. Wale hawakufunga. Waliweka mwanasesere karibu na chumba cha uzazi, wakaanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, dakika chache tu kazini, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mwanasesere ni yule yule, na mkunga ni yule yule. Kilichoongezeka ni mtu mwenye subira aliyebaki hapo baada ya sherehe, akagundua kwamba jambo halijakaa sawa, akalirekebisha.

Nimesema safari ina vituo vingi, na inafaa niwe wazi zaidi, maana vijana wengi waniulizao habari ya kazi hii hudhani ni kazi ya kutafuta wafadhili na kuhudhuria mikutano hotelini. Aifanyaye kwa dhati huanza asubuhi wodini kwa kutazama tu: anapima upana wa mlango ambao chombo kitapita, anahesabu soketi za ukutani na kuuliza ni zipi zina umeme, anamuuliza mhudumu ni dawa gani anayopangusia vifaa, kwa sababu dawa hiyo hiyo inaweza kuipasua plastiki ya chombo kipya. Mchana yuko na mbunifu, akimshawishi aache kitu alichokipenda kwa kuwa muuguzi hakihitaji, na hilo si jambo dogo, maana mbunifu ameshinda nacho usiku kucha. Kesho yake anatayarisha jalada la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, ambayo mwaka 2018, ikiwa bado kwa jina lake la zamani, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kufikia daraja la tatu katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Mamlaka kama hiyo haipokei maneno matupu, nayo inafanya vyema kutoyapokea. Keshokutwa yuko kwa mhasibu wa hospitali, wanatafuta pamoja fungu ambalo vipuri vitanunuliwa humo. Kila mmoja wa watu hao ana lugha yake na hofu yake, na mtu huyu hana budi kuzijua zote. Mabaharia wa pwani yetu walimheshimu sana rubani, yule anayepanda chomboni karibu na mlango wa bandari kwa sababu anaijua miamba ya hapo kuliko nahodha aliyevuka bahari nzima, na hakuna aliyesema kwamba rubani hakufanya kazi kwa kuwa hakuijenga jahazi.

Kukosekana kwake hupimika. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walikusanya hesabu za vifaa tiba 112,040 katika nchi 16 zenye kipato kidogo, wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Na sababu walizozitaja hazikuwa uhaba wa uvumbuzi, bali mafunzo, usimamizi, na mambo kama umeme na maji. Robert Malkin, mmoja wao, alikwisha kuonyesha kabla ya hapo kwamba karibu thuluthi mbili ya vifaa vibovu vingerudi kazini kwa maarifa ya msingi tu. Kwa upande wa programu za simu na kompyuta mambo hayakuwa tafauti: mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisimamisha miradi yote ya afya ya namna hiyo mpaka utaratibu uwekwe, kwa kuwa majaribio yalikuwa yamezagaa kila pembe ya nchi, hili halizungumzi na lile, na machache mno yalivuka hatua ya majaribio. Uamuzi ule ulilaumiwa na wengi wakati huo. Mimi nauona ulikuwa wa busara.

Nasi tunaijua pia sura ya mambo yanapofaulu. Vyandarua vyenye dawa iliyochanganywa ndani ya uzi wenyewe vilivumbuliwa na kampuni ya Sumitomo ya Japani. Lakini kuanzia mwaka 2003 vilifumwa Arusha, katika kiwanda cha A to Z, kwa mikono ya maelfu ya wafanyakazi, kwa sababu walikuwapo watu waliokaa katikati: Shirika la Afya Duniani likahimiza, mfuko wa Acumen ukakopesha mtaji ambao benki isingethubutu kuutoa, na UNICEF ikanunua. Nchini Kenya daktari Bernard Olayo, aliyewaona watoto wakifa kwa kukosa hewa, alianzisha kampuni ya oksijeni ya Hewatele mwaka 2014. Mitambo ya kutenga oksijeni na hewa ya kawaida ilikuwa ikijulikana zamani. Alichokibuni yeye ni namna ya kuufanya mtambo mmoja uhudumie hospitali nyingi, mitungi ikipelekwa na kurudishwa kwa ratiba, na bei ikawa ya kuweza kulipika. Naithamini kazi hiyo sawa na chombo chochote kipya, na pengine zaidi.

Wapo watakaonijibu kwamba watu wa katikati tunao tele, na kwamba wao ndio wanaokula fedha ya miradi kabla haijamfikia mgonjwa. Sitaki kuwabeza wenye hoja hiyo, maana chanzo chake kinaonekana: kila penye ufadhili huzuka kundi la washauri wasiowahi kulala zamu hospitalini, wanaofundisha vijana namna ya kusimama jukwaani na kueleza biashara yao kwa dakika tano. Lakini dawa ya mshauri asiyejua kazi ni kuweka wenye kujua, na kuwapima kwa kitu kinachoonekana, yaani idadi ya vyombo vinavyofanya kazi na wagonjwa waliohudumiwa navyo mwaka baada ya mwaka. Wengine watasema kwamba kazi hii tuwaachie wageni, kwa kuwa wao wana uzoefu na wanaaminiwa na wenye mitaji. Kwa hili sikubali hata kidogo. Mgeni hodari ni auni kubwa, na nimewataja kadhaa kwa heshima. Lakini mgeni ana siku ya kuondoka, na hawezi kusikia kile ambacho mkunga wa Mbulu humwambia mwenzake kwa sauti ya chini wakati mashine inapoanza kupiga kelele, nacho ndicho maelezo bora kuliko yote ambayo mbunifu angeweza kuyapata.

Watu wa kuifanya kazi hii hawakosekani. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inafundisha mafundi wa vifaa tiba, Makerere inatoa wahandisi wa tiba, na wapo wauguzi wenye uzoefu wa miaka mingi ambao, lau wangepewa nafasi, wangekuwa walezi wa uvumbuzi kuliko mtu yeyote aliyesoma nje. Linalokosekana ni kiti cha kukalia. Fundi anayehitimu leo akiajiriwa hospitalini huitwa kubadilisha taa na kuziba bomba. Muuguzi mwenye wazo hana mahali pa kulipeleka isipokuwa kwa mkubwa wake, ambaye naye ana wagonjwa wa kutosha. Na kijana anayependa kuwasaidia wabunifu hubaki katika mikataba ya mwaka mmoja mmoja, akihama pamoja na wafadhili.

Ninachopendekeza si kikubwa. Tanzania ina mikoa 31, Bara na Visiwani. Kenya ina kaunti 47. Kila mkoa na kila kaunti uwe na mtu mmoja, katika hospitali yake iliyo kubwa, ambaye kazi yake yote ni kupokea chombo kipya, kikiwa cha kwetu au cha msaada, kukipima katika wodi za kwetu, kukikataa kinapostahili kukataliwa, na kukifuatilia kinapokubaliwa. Awe na ruhusa ya kuingia katika karakana ya chuo na katika ofisi ya zabuni vile vile, ili hati ya ununuzi isitoke bila kudai maelezo ya matumizi kwa Kiswahili na ahadi ya vipuri. Mshahara wake uandikwe katika fungu la serikali, usiwe wa mradi, kwa sababu miradi hufungwa aghalabu wakati ule ule ambapo vifaa vinaanza kudai vipuri, na fundi wa mradi anakuwa amekwisha kukabidhi funguo na kuondoka.